Majina ya mitaa yanavyowatenga wanafunzi maskini wa vyuo Mombasa

SWALI la "unakaa wapi?" huulizwa kila mwanzo wa muhula miongoni mwa wanafunzi wanaokutana kwa mara ya kwanza. Kwa wengi ni maneno ya kufungulia mazungumzo tu. Kwa mwanafunzi anayevuka feri kutoka Likoni, au anayepanda matatu kutoka Kisauni au Changamwe, na ambaye karo yake hutegemea mkopo na basari, swali hilo huwa na uzito mwingine.

Akitaja mtaa wake, huenda akajibiwa kwa mzaha kuhusu visu, wizi au dawa za kulevya. Wapo wanaocheka pamoja na wenzao ili yaishe. Wapo pia wanaotaja mtaa wa jirani wenye sifa nzuri zaidi. Mkazi wa Mlaleo husema anakaa Bamburi, naye wa Ziwa la Ng'ombe hujiita mtu wa Nyali, na kwa mipaka ya maeneobunge iliyoanza kutumika katika uchaguzi wa 2013, wala hasemi uongo.

Mzaha huo wa dakika moja hauonekani kuwa jambo la kujadiliwa katika nchi ambayo wanafunzi wake wanakosa karo, nauli na wakati mwingine chakula. Hata hivyo, madhara yake ni makubwa kuliko yanavyodhaniwa. Dhana potofu kuhusu umaskini na mtaa humwumiza mwanafunzi zaidi pale anapozitarajia kuliko pale zinapotamkwa. Akishazizoea, hujitenga kabla ya kutengwa, na kwa kujitenga huko hupoteza kitu ambacho mkopo wa serikali hauwezi kumnunulia: watu.

Majina yalikotoka

Sifa mbaya za mitaa ya bara ya Mombasa hazikuzuka hivi hivi. Mnamo Agosti 13, 1997, washambulizi walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakawaua maafisa na kuiba silaha. Katika ghasia zilizofuata, watu zaidi ya 100 waliuawa na maelfu wakahama makwao, wengi wao wakiwa wenye asili ya bara. Tangu hapo, jina la Likoni lilianza kutamkwa kwa tahadhari hata na watu wasiowahi kufika huko.

Machi 23, 2014, watu wenye bunduki waliwashambulia waumini katika kanisa moja la Likoni wakati wa ibada ya Jumapili na kuwaua watu sita. Novemba mwaka huo huo, polisi walifanya msako katika misikiti ya Musa na Sakina mjini Mombasa, kisha katika misikiti ya Swafaa na Minaa huko Kisauni, na mamia ya vijana wakatiwa mbaroni. Miaka iliyofuata, Kisauni ikawa habari kwa sababu ya magenge ya vijana wenye mapanga na visu, yakiwemo yaliyojiita Wakali Kwanza na Wakali Wao.

Changamwe ina historia tofauti. Ni mtaa uliokua kwa jasho la wafanyakazi wa bandari, reli na kiwanda cha kusafisha mafuta, kiwanda ambacho kilikoma kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Wenyeji wengi walitoka mikoa mingine kutafuta kazi. Kwa hiyo mwanafunzi wa Changamwe au Chaani anaweza kuonekana si wa pwani akiwa Mombasa, na akienda kusomea Nairobi au Eldoret akaonekana ni mpwani, yaani mvivu anayependa kulala na kula, kwa mujibu wa dhana nyingine iliyokita mizizi nchini.

Matukio haya yote ni ya kweli. Uongo huanzia pale tukio lililofanywa na watu wachache linapogeuzwa kuwa tabia ya kila anayetoka mtaani humo. Likoni yenye washambulizi wa 1997 ndiyo Likoni yenye walimu, mabaharia, wauguzi na mama wauza mahamri wanaoamka alfajiri ili mtoto apate nauli ya kwenda chuoni. Lakini magazeti na runinga hazina desturi ya kutangaza kwamba mtu ameamka alfajiri.

Jambo hili lina mizizi mirefu zaidi katika ardhi ya Kisauni. Mnamo 1875, wamishonari wa Kianglikana walianzisha Frere Town kuwa makao ya watu waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Wakazi wake walifundishwa kusoma na kuandika wakati ambapo elimu hiyo ilikuwa adimu mno, na miongoni mwao wakatoka walimu na makarani. Hata hivyo, elimu haikuwafutia jina. Waliendelea kukumbushwa walikotoka, na wazao wao wakajulikana kama Wamisheni. Kengele iliyowaita kazini na ibadani ndiyo iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Hivyo basi, kusoma na bado kuandamwa na asili si jambo geni katika mitaa hii.

Hofu kabla ya tusi

Mwaka 1963, mwanasosholojia Erving Goffman, mzaliwa wa Canada, alichapisha kitabu kuhusu unyanyapaa ambacho hadi leo hutajwa katika mijadala ya aina hii. Alitofautisha kati ya mtu ambaye kasoro yake inaonekana na kila mtu na yule ambaye kasoro yake inaweza kufichwa. Wa kwanza hushughulika na aibu iliyokwisha kujulikana. Wa pili hushughulika na habari: nani aambiwe, nani afichwe, na nani atafichua.

Mwanafunzi maskini yumo katika kundi hilo la pili. Umaskini wake haujaandikwa usoni. Shati safi la mtumba kutoka soko la Kongowea humfanya afanane na wenzake. Lakini siri hiyo inahitaji ulinzi wa kila siku. Hawezi kumkaribisha rafiki nyumbani, kwani nyumba ni chumba kimoja kinachokaliwa na watu sita. Hawezi kueleza kwa nini haji kula na wenzake saa saba. Hawezi hata kueleza kwa nini kazi ya darasani aliiandika kwa simu. Kila urafiki unaokua karibu unakuwa tishio, maana rafiki wa karibu ndiye huuliza maswali.

Watafiti Claude Steele na Joshua Aronson walionyesha sehemu nyingine ya tatizo hili mwaka 1995 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani. Wanafunzi weusi walioambiwa kuwa mtihani waliopewa ulikuwa unapima uwezo wao wa akili walifanya vibaya kuliko wenzao weusi waliopewa mtihani uo huo bila kuambiwa hivyo. Hakuna aliyewatukana. Ilitosha kwao kujua kwamba kulikuwa na dhana fulani kuhusu watu wao na kwamba wakikosea watakuwa wameithibitisha. Tafiti za baadaye zimetofautiana kuhusu ukubwa wa athari hiyo, lakini msingi wake unafahamika kwa yeyote aliyewahi kunyamaza darasani akihofia kuchekwa kwa lafudhi yake.

Gharama ya urafiki

Ni rahisi kusema kwamba urafiki haununuliwi. Chuoni una bei. Kuna michango ya siku ya kuzaliwa inayoitishwa katika kundi la WhatsApp, ambapo majina ya waliotoa huorodheshwa kila mmoja akaona. Kuna safari ya Diani mwisho wa muhula. Kuna chakula cha mchana, na kuna bando la simu la kumwezesha mtu kushiriki mazungumzo ya usiku ambayo kesho yake wenzake watayacheka darasani.

Gharama nyingine ni muda. Feri ya Likoni huvusha watu zaidi ya 300,000 kwa siku, na anayetembea kwa miguu halipi chochote. Kwa mwanafunzi maskini hiyo ni afueni kubwa. Lakini foleni ya jioni na hofu ya kutembea usiku upande wa pili humlazimu kuondoka mapema. Hali ni hiyo hiyo kwa anayerudi Kisauni kupitia daraja la Nyali au Changamwe kupitia Makupa wakati nauli za matatu zimepandishwa kwa sababu ya mvua au msongamano. Masomo ya pamoja, mazoezi ya michezo na vikao vya vyama vya wanafunzi hufanyika wakati huo huo ambao yeye yuko njiani.

Hapa ndipo dhana potofu hufanya kazi yake mbaya zaidi. Wenzake hawajui sababu, kwa kuwa hakuisema. Wanachoona ni mtu anayeondoka bila kuaga, asiyechangia na asiyemkaribisha mtu kwake. Wanakata shauri kwamba ana maringo au ana jambo analoficha. Naye, akiona wamepunguza kumwita, anapata ushahidi wa kile alichokihofia tangu mwanzo: kwamba wamemtenga kwa sababu ya mtaa wake na umaskini wake. Pande zote mbili zimekosea, na kila upande una ithibati mkononi.

Kwa wasichana mambo huwa magumu zaidi. Msichana wa familia maskini akionekana na simu nzuri au viatu vipya, minong'ono huanza kwamba ana mtu mzima anayemlipia. Asipokuwa navyo, huambiwa hajui kujitunza. Kwa mvulana Mwislamu wa Likoni au Majengo, kuzidisha ibada au kubadilisha mavazi kumewahi kutosha kumfanya atazamwe kwa jicho la shaka, hasa baada ya shambulizi la Chuo Kikuu cha Garissa mnamo Aprili 2, 2015, ambapo watu 148 waliuawa, wengi wao wakiwa wanafunzi.

Shambulizi hilo hilo, hata hivyo, linapinga dhana iliyozaliwa nalo. Mmoja wa waliolitekeleza alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mtoto wa chifu. Hakuwa mvulana wa mtaa wa mabanda aliyekosa karo. Anayemtilia shaka mwanafunzi kwa sababu ya umaskini wake au mtaa wake anatazama upande usiofaa.

Hasara baada ya kuhitimu

Huenda ikadaiwa kwamba upweke wa miaka minne si janga, mradi mwanafunzi apate cheti. Dai hilo linasahau jinsi kazi zinavyopatikana. Mwaka 1973, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alichapisha utafiti wake kuhusu nguvu ya watu tunaowafahamu kwa juu juu tu. Aligundua kuwa wengi waliopata kazi kupitia mtu walisaidiwa na watu waliokutana nao mara chache, wala si marafiki wa chanda na pete. Sababu ni nyepesi: jirani na ndugu wanajua nafasi zile zile ambazo mtu mwenyewe anazijua, ilhali yule wa mbali ana habari za kwingine.

Mombasa ni mji unaoendeshwa kwa namna hiyo hiyo. Nafasi za mazoezi ya kazi katika kampuni za kutoa mizigo bandarini, katika hoteli za Nyali na Shanzu, au katika ofisi za kisiwani, mara nyingi hujulikana kwanza na aliye na mjomba, shangazi au mwanadarasa aliye na mjomba huko. Mwanafunzi wa Mtongwe ambaye marafiki wake wote ni wa Mtongwe huhitimu akiwa na cheti sawa na mwenzake, lakini bila mtu wa kumwambia kwamba barua zinapokelewa hadi Ijumaa.

Hii ndiyo sababu suala hili haliwezi kuachwa kuwa la hisia tu. Elimu ya juu ilitarajiwa kuwa mahali ambapo mtoto wa mchukuzi wa bandarini hukaa benchi moja na mtoto wa mwenye meli. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kilichoko Tudor, chenyewe kilitokana na taasisi iliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuwapa Waislamu wa Afrika Mashariki, waliokuwa wameachwa nyuma, elimu ya ufundi. Taasisi hiyo ikawa chuo cha watu wote, ikaitwa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, kisha ikapata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2013. Kukaa benchi moja kumefanikiwa. Kufahamiana ndiko kumebaki nyuma.

Serikali nayo huwapa majina

Lawama haziwezi kuwaangukia wanafunzi peke yao. Mfumo mpya wa ufadhili uliotangazwa Mei 2023 uliwagawa wanafunzi kwa kiwango cha uhitaji wa familia zao, kwanza kwa makundi na baadaye kwa madaraja matano. Daraja la kwanza, la wahitaji zaidi, lilipangiwa mkopo wa matumizi wa Sh60,000 kwa mwaka, na la tano Sh40,000. Lengo lilikuwa kuwasaidia zaidi walio na kidogo. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kuwa mfumo huo ulikiuka katiba, nayo serikali ikakata rufaa.

Hoja za wanasheria zilihusu usawa na ushirikishwaji wa umma. Lakini kulikuwa na jambo ambalo halikuhitaji wakili kuliona. Wanafunzi walianza kuulizana madaraja yao. Wa daraja la kwanza alijulikana kuwa hohehahe, na yule aliyewekwa daraja la juu ilhali nyumbani hakuna kitu alibaki na deni na bila hata huruma. Namba iliyokusudiwa kukaa katika kompyuta ya wakopeshaji ikageuka kuwa jina.

Hali ni hiyo pia kwa basari. Tangu Hazina ya Ustawi wa Maeneobunge ianzishwe mwaka 2003, imekuwa kawaida kwa wanasiasa kukabidhi hundi katika hafla za hadharani, wanafunzi na wazazi wakiwa wamepanga foleni mbele ya kamera. Picha hizo huishia mitandaoni. Mwanafunzi aliyetumia muhula mzima kulinda siri yake huiona ikisambazwa na ofisi ya mtu aliyedai kumsaidia. Vyuo navyo vimewahi kubandika orodha za wenye malimbikizo ya karo ukutani, au kuwatoa nje wakati wa mtihani mbele ya darasa zima.

Sitara ya wote

Utamaduni wa pwani una neno linalofaa kurejelewa katika mjadala huu: sitara. Kumsitiri mtu ni kumfunika asiaibike. Siku ya harusi au msiba, majirani huleta mchele, sufuria na mikeka, na mgeni asijue nani hakuwa na nini. Aliyesaidiwa hatajwi, na aliyesaidia hajitangazi. Sitara ya aina hiyo hufanywa na wengi kwa ajili ya mmoja.

Kilichotokea vyuoni ni kwamba kazi hiyo imeachiwa mtu mmoja. Mwanafunzi anajisitiri peke yake, dhidi ya wenzake, badala ya kusitiriwa nao. Anajifunika kwa kujitenga, kwa kudanganya kuhusu mtaa, kwa kusema ameshiba. Hiyo ni sitara inayomchosha na kumnyima marafiki.

Hata hivyo, picha yote si ya kiza. Wanafunzi wanaovuka feri saa moja ile ile kila asubuhi hatimaye hufahamiana, wakapeana vitabu, wakalindana usiku. Kuna vijana wanaolitamka jina la Likoni au Kisauni kwa fahari. Na katika vyuo vya Kenya wanafunzi huitana komredi, neno ambalo kwa maana yake halimwulizi mtu baba yake anafanya kazi gani. Mshikamano huo ni hazina. Tatizo lake ni kwamba huwaunganisha waliokwisha kufanana, ukaacha mpaka kati yao na wengine ulivyokuwa.

Hatua za kurekebisha hazihitaji bajeti kubwa. Basari inaweza kutumwa moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, na mwanafunzi akaarifiwa kwa simu yake mwenyewe. Malimbikizo ya karo yanaweza kujadiliwa ofisini badala ya ukutani. Mhadhiri anayetoa kazi ya vikundi anaweza kupanga vikundi hivyo yeye mwenyewe, badala ya kuwaacha wanafunzi wachaguane kwa urafiki na kipakatalishi. Vikao vya vyama vya wanafunzi vinaweza kufanyika mchana, kabla ya foleni ya feri. Nafasi za mazoezi ya kazi zinaweza kutangazwa kwenye ubao ambao kila mtu anausoma.

Vyombo vya habari navyo vina wajibu. Habari ya uhalifu itaandikwa, na inapaswa kuandikwa. Lakini inapotokea kwamba mtaa wenye maelfu ya wanafunzi hutajwa tu siku ambayo kisu kimetolewa, msomaji hufundishwa somo ambalo hakuna mhariri aliyekusudia kulifundisha.

Wanafunzi wenyewe wanabaki na sehemu ambayo hakuna sera inayoweza kuwafanyia. Mwenzao anapoondoka mapema, si lazima awe ana maringo. Anapokataa kuandamana nao kwenda kula, si lazima awe hawapendi. Kumwachia nafasi bila kumdai maelezo, na kumwita tena kesho yake, ni sitara ambayo haigharimu senti. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakusema kwamba ni wajibu wa wengine kumvua nguo.